Pua Iliyopotea Kwenye Sahani ya Fuensanta

Padri, majirani wa Almoréjar, na nyinyi wageni mliopanda kutoka Granada na makoti yenu mazuri, mlio mlangoni ingieni ndani, kuna baridi, na mimi sauti ninayo lakini haifiki mpaka barabarani, na haya ninayoyasoma kwa niaba ya familia ya Robles Cantarero, marehemu mwenyewe alitaka yasikiwe na kila mtu, hata wale ambao wangependa kukaa nje wakivuta sigara. Tarehe zote amezihakikisha binti yake Casilda, mengine nimeyaona kwa macho yangu au marehemu kanieleza kwa mdomo wake, na nikicheka mahali msishangae, yeye alikuwa anacheka vibaya kuliko mimi.

Marehemu Fuensanta Robles Cantarero alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Almoréjar, katika chumba cha juu ya zizi la nyumbu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa kaka yangu Anselmo Robles, mpogoaji wa mizeituni, na wifi yangu Ascensión Cantarero, wote wawili wametutangulia, na alitanguliwa kuzaliwa na kaka yake Eleuterio, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, na alipoonyeshwa mtoto akauliza, "Ndiyo huyu tu?" na mama yake akamjibu, "Ndiyo huyu tu, na utamtunza mpaka uchoke." Alikuja na pua ya ukoo wetu, hii mnayoiona benchi zima la mbele, kubwa, imepinda kidogo kushoto, hata padri aliyembatiza tarehe 2 Aprili mwaka ule alisema huyu hahitaji cheti, anajulikana wa kwa nani.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya kijijini kuanzia Septemba 1967 hadi Juni 1975, na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu mwezi Februari 1970, wakati wa kupogoa kama sasa hivi, kaka yangu Anselmo alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, hakupanda mti tena, na nyumbani ukabaki mkono mmoja tu wa kushika msumeno, nao ni wa Eleuterio, akatolewa shule akiwa hajatimiza hata miaka kumi na mitatu. Mwalimu alikuja mpaka nyumbani kulalamika, akasema, "Huyu mtoto ana kichwa," na Eleuterio akamjibu mwenyewe, mimi nikiwa jikoni namsaidia wifi kukoroga migas za mabaki ya mkate, akamwambia, "Kichwa mpeni Fuensanta, mimi nipeni ngazi." Basi ikawa hivyo, mmoja akapanda miti ya kijiji kizima, mwingine akapelekwa sekondari Granada mwaka 1975, akaingia chuo kikuu mwaka 1979 kusomea mambo ya viumbe hai, akamaliza Juni 1984, na kila alipokuja likizo mikono ya kaka yake ilikuwa migumu zaidi na ya kwake laini zaidi, na walikuwa wanalinganisha mezani na kucheka, siku hizo bado wanacheka pamoja.

Kazi alianza tarehe 1 Oktoba 1984, katika maabara ya magonjwa ya mimea mjini Granada, na kati ya vijidudu vyote vya dunia hii akachagua yule wa kwetu, bakteria anayeuotesha mzeituni vinundu kwenye matawi, ugonjwa ambao sisi hapa tunauita TB ya mzeituni. Kwa wasiojua alikuwa anatafuta nini miaka yote, nitawaeleza kama alivyonieleza mimi nisiyevuka darasa la pili, tarehe 6 Mei 1987, siku niliyompelekea soseji za damu akanikalisha kwenye darubini. Nikaona vichembe vinazunguka zunguka kama watu waliopoteza funguo, halafu Fuensanta akaingiza ndani ya lile tone kamrija ka kioo, kembamba kuliko sindano, kamejaa maji yenye chakula chao, na mara wale wote wakageuka wakaelekea kule.

"Wanakwenda wapi hawa?" nikamuuliza.

"Wamesikia harufu, shangazi."

"Kwa pua gani?"

"Pua wanazo, tena nyingi. Kuna bakteria wa tumboni mwako ana tano tu, lakini huyu wa mzeituni ana zaidi ya arobaini."

"Arobaini! Na sisi tuna moja tu, na bado inatutangulia mlangoni." Nikacheka mpaka meza ikatikisika, akaniambia, "Shangazi, basi, umewapiga tetemeko."

Alinieleza kwamba kila pua imeandikwa kwenye jeni, na jeni ni kama karatasi ya mapishi, na kijidudu akijigawa anayanakili mapishi yote, lakini siku nyingine anakosea ananakili karatasi moja mara mbili, sasa ile ya kwanza inaendelea na kazi yake, ya pili haina kazi, inabadilika herufi moja leo, nyingine baada ya miaka elfu, mpaka siku moja inajikuta inanusa kitu ambacho bibi yake hakuwahi kukinusa. Wakati mwingine pua inachukuliwa kutoka kwa kijidudu wa ukoo mwingine kabisa, na pua isiyotumika inakatika, hakuna anayeililia. Alikuwa amechora ukoo wa pua hizo ukuta mzima, nani mtoto wa nani, nani pacha wa nani, nani kaingia ukooni kwa mlango wa nyuma, nikamwambia mwanangu, huu ni umbea, kumbe unalipwa kwa umbea, na mimi naufanya bure miaka yote.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988 umeme ulikatika kwenye jengo lao, na kwa kuwa ilikuwa Agosti hakuna mtu kazini, friza ikayeyuka, na bakteria wake wote aliowakusanya kwa miaka minne wakafa, isipokuwa sahani moja tu ya jeli aliyokuwa ameisahau juu ya meza. Tangu siku hiyo hakuiamini tena friza, akafanya kama alivyomwona mama yake, maana wote mnakumbuka chachu ya Ascensión, lile bakuli la udongo alilorithi kwa mama yake naye kwa mama yake, kila Jumatatu anachota ngumi moja ya donge la zamani analilisha unga mpya, na nusu ya kijiji hiki tumekula mkate wake. Basi Fuensanta naye kila Jumatatu alichoma kawaya kwenye moto, akakaacha kapoe, akagusa sahani ya zamani, akahamishia bakteria wake kwenye sahani mpya yenye jeli tamu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi, na alijivunia kwamba hawajawahi kulala njaa hata siku moja.

Marehemu alifunga ndoa na Ildefonso Quesada, fundi wa kulinganisha sauti za piano, Jumamosi tarehe 8 Septemba 1990, katika kanisa hili hili, wakaenda fungate Cádiz, na Jumapili jioni wakawa wamesharudi, kwa sababu kesho yake ni Jumatatu na bakteria lazima wale. Nilimuuliza Ildefonso imekuwaje, akaniambia, "Shangazi, nilidhani nimeoa mke mmoja, kumbe nimeoa mke na sahani," na leo analia pale lakini najua hilo hatalikana. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Casilda, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1993, mtoto mpole, naye ana ile pua.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu alinishika mkono akaniambia, hapa usiruke.

Mwaka 1998 alijaribu kitu ambacho alikuwa anakitafuta tangu mwanzo, yaani kama bakteria wetu anaweza kusikia harufu ya utomvu unaotoka kwenye kidonda cha mzeituni uliokatwa, akawawekea kamrija ka utomvu, hawakusogea, akarudia mara kumi, hawakusogea, akasoma jeni zao akaikuta karatasi ya ile pua ipo lakini imekatika katikati. Akaandika kwamba wazee wa bakteria hawa walikuwa na pua ya kidonda, na wameipoteza zamani za kale, maelfu ya miaka, kwa kuwa mvua na upepo vinawabeba mpaka kwenye mti na hawana haja tena ya kutafuta. Wasomi walimpigia makofi, akaitwa huku na huku, na Jumapili tarehe 17 Januari 1999, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, akaja kutueleza sisi kwenye ukumbi wa ushirika, amevaa koti la kijani, tumejaa mpaka madirishani.

Crescencio Padial, ambaye wakati ule kama leo ndiye mwenyekiti wa ushirika, akasimama akauliza, "Kwa hiyo tuache kupaka chokaa na shaba kwenye kila kidonda?"

"Acheni," akasema Fuensanta. "Nyunyizeni dawa mara moja vuli, yatosha. Kupaka kila kidonda ni kumfungia mlango mtu ambaye hajui hata mlango uko wapi."

Tulipiga makofi, jamani, nani asiyepiga, ile kazi ya kupaka ilikuwa inakula nusu ya siku na kuchubua vidole. Mtu mmoja tu ndiye aliyeinua mkono, Eleuterio, akasema, "Baba alikuwa anapaka. Babu alikuwa anapaka."

"Baba hakuwa na darubini, Eleuterio."

Ukumbi ukaangua kicheko, mimi wa kwanza, na Eleuterio naye akacheka, alikuwa anamwonea fahari dada yake kuliko sisi wote, na kesho yake akaitupa ndoo na brashi, na msimu ule na misimu iliyofuata akapogoa mashamba ya kijiji kizima, maana hakukuwa na mpogoaji mwingine wa kumfikia, na hakupaka kidonda hata kimoja, kwa sababu dada yake amesema.

Masika ya mwaka 2001 mvua ilinyesha siku kumi na tisa mfululizo baada ya kupogoa, na mwaka uliofuata vinundu vikaota kwenye kila kidonda alichokikata, wala si hapa na pale, ni kila kidonda, kama vile mtu amepita na orodha, na kufikia mwaka 2004 bonde la juu lote lilikuwa limekauka matawi, miti iliyopandwa na babu wa babu zetu iling'olewa kwa trekta ikachomwa, moshi ule mnaukumbuka, nguo zilinuka mwezi mzima. Na watu wakaanza kusema. Walisema nini, mnajua wenyewe, nusu yenu mlisema na nusu mlisikiliza, mlisema msumeno wa Eleuterio ni mchafu, anatoka mti mgonjwa anaingia mti mzima, eti mlevi, na hanywi hata kopo la bia.

Oktoba 2004 alikuja kwenye maabara Nekane Iturbe, yule pale mwenye nywele fupi, Mbaski wa Bilbao, alikuja kusomea shahada ya uzamivu chini ya marehemu, na yeye hakuwa na mama mwenye chachu wala subira ya Jumatatu, akataka bakteria wapya kutoka mtini. Akaja Almoréjar bila kumwambia mtu, akakata kinundu kwenye mti wa Eleuterio mwenyewe, akakipeleka Granada, akawatoa bakteria humo, akawawekea kamrija ka utomvu, na Jumanne tarehe 10 Mei 2005 akamwita marehemu.

"Profesa, njoo uone."

Marehemu akainama akaona wamejaa kwenye kamrija kama watu kwenye mlango wa mazishi. Akasema, "Umechanganya sahani."

"Sijachanganya."

"Rudia."

Nekane akarudia mara tatu, mara zote tatu wakakimbilia kidonda kama wameitwa kwa jina, wakasoma jeni, na karatasi ya ile pua ilikuwa nzima, herufi zote, haijapungua kitu. Marehemu akakaa kwenye kigoda, akasema, "Ni mimi. Nimewalisha mpaka wakasahau njaa."

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu kwenye sahani tamu hakuna cha kutafuta, na siku mmoja wao alipokosea kunakili akazaliwa bila ile pua hakupata hasara yoyote, tena akawa mwepesi kuliko wenzake, akazaana haraka, na kawaya ka Fuensanta kila Jumatatu kakachukua wale walio wengi, mpaka wenye pua wakaisha wote. Chachu ya mama yake ilikuwa haihitaji kunusa kitu, kazi yake ni kuumua mkate basi, lakini hawa kunusa ndiyo ilikuwa kazi yao. Pua ile haikukatika miaka elfu iliyopita, ilikatika Jumatatu moja mezani pake, na aliniambia kwamba kilichomuumiza kuliko vyote ni kutojua ni Jumatatu ipi, kama alikuwa anacheka na mtu, kama alikuwa anawaza harusi.

Tarehe 15 Agosti 2005, sikukuu ya Bikira, miezi mitatu baadaye, alikuja nyumbani kama kila mwaka, na mchana tulikuwa kwenye baa ya Remigia, imejaa mpaka huwezi kuinua kiwiko, mimi nakula konokono, marehemu kaagiza kahawa, Eleuterio amesimama kaunta, na Crescencio, aliyekuwa ameng'oa miti mia mbili na arobaini wiki ile, akapaza sauti, "Huyo hapo! Huyo ndiye aliyetuambukiza. Msumeno wake haujaona maji tangu siku aliyoununua."

Eleuterio hakupandisha sauti, akasema, "Msumeno wangu nauchemsha kila asubuhi. Na kama sikupaka, mnajua nani alisema tusipake." Kisha akageuka. "Fuensanta, waambie."

Watu wote wakamtazama marehemu. Alikuwa ameshika kijiko, akakoroga kahawa, na sukari hakuwa ametia, namwona mpaka leo, akakoroga, akasema, "Magonjwa haya yana sababu nyingi."

Basi, hayo tu. Eleuterio akavaa kofia yake akatoka, na tangu siku ile mpaka jana hawakuongea tena, miaka kumi na saba na nusu.

Mnaweza kuuliza kwa nini alinyamaza, hata mimi nilimuuliza, akasema alijiambia ni lazima aandike kwanza, ndio utaratibu wa wasomi, huwezi kusema baani jambo ambalo halijachapishwa, na nikamwambia, Fuensanta, mimi ni shangazi yako, nipe jibu lingine, akasema, "Niliona aibu. Walikuwa wananitazama kama siku ile ya ukumbini, nikaona nikifungua mdomo hawatanitazama hivyo tena." Machi 2006 akachapisha kurasa nne, kwa Kiingereza, akakiri kosa lote, na wasomi wa mbali wakamsifu kwa uungwana, wakamwita mikutanoni awafundishe jinsi sahani inavyodanganya, na akawa na jina kubwa kwa kosa lake kuliko alivyokuwa nalo kwa akili yake. Hapa Almoréjar nani anasoma Kiingereza? Mwaka 2007 bwana shamba alipita akasema turudie kupaka vidonda, tukarudia, hakuna aliyeuliza kwa nini, na hakuna aliyemwita Eleuterio apogoe hata mti mmoja wa uani. Yeye alikuwa ameshakwenda Almería tangu mwaka 2006 kuchuma pilipili hoho chini ya yale mahema ya plastiki, kwenye joto la kupika mtu, miaka kumi, akarudi mwaka 2016 na magoti yaliyokwisha, na kila Februari alikuwa anakaa dirishani akiangalia watu wengine wakikata miti vibaya, na mimi nikipita naona midomo yake inasema, siyo hapo, siyo hapo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo na mgongo Septemba 2022, na tarehe 3 Novemba mwaka huo, katika hospitali mjini Granada, aliambiwa kwamba ni saratani ya kongosho na imeshasambaa. Alitibiwa, akapunguzwa maji tumboni mara tano, alikonda mpaka ile pua ikawa ndiyo yeye. Alhamisi tarehe 26 Januari akaniambia, "Shangazi, niitie Eleuterio," nikapanda basi, nikamkuta amekaa mlangoni anapasua lozi kwa jiwe.

"Dada yako anakufa," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Anataka kukuambia kitu yeye mwenyewe."

"Najua anachotaka kuniambia." Akapasua lozi nyingine, akanipa mimi, mwenyewe hakula. "Yule msichana wake wa Bilbao alikuja Almería kuniambia, zamani, mwaka 2006. Najua yote, shangazi. Ya nini kuniambia mimi? Anifuate chumbani, tulie wawili, halafu? Baa ilikuwa imejaa watu. Aseme kwa watu."

"Hawezi hata kukaa kitako, Eleuterio."

"Mimi nilisimama."

Nikaila ile lozi, nikapanda basi. Nikarudi Granada nikamwambia marehemu neno kwa neno, sikulainisha, akageuza uso ukutani, na kesho yake akamwambia Nekane atafute gari la wagonjwa na kumwomba Crescencio ukumbi wa ushirika, Jumamosi tarehe 11 Februari, saa sita mchana, mtu yeyote mwenye mzeituni aje. Crescencio akauliza mkutano wa nini, akaambiwa utausikia. Alikuwa anahesabu siku, anakataa dawa ya maumivu ili kichwa kiwe safi, anajizoeza kusema sentensi zile kitandani, na sauti inakatika, anaanza tena.

Jana Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia, mumewe na bintiye wakiwa pembeni yake, siku mbili kabla ya mkutano wake, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mume, mtoto mmoja, na kaka mmoja.

Lakini Jumatano alikuwa ameshajua hatafika, akamwambia Casilda aandike, na akasema asome shangazi Angustias, ndiye mimi, kwa sababu sauti yangu inapita ukuta. Haya ndiyo maneno yake, mimi sijaongeza wala kupunguza:

"Mimi Fuensanta Robles niliwaambia watu wa kijiji changu waache kupaka vidonda vya miti. Nilikosea. Kosa lilikuwa langu na la sahani yangu. Kaka yangu Eleuterio alifanya nilichomwambia, na alikifanya kwa mikono safi na msumeno safi. Tarehe 15 Agosti 2005, kwenye baa ya Remigia, nilikuwa nimelijua hilo kwa miezi mitatu, aliniomba niseme, nikanyamaza. Miti iliyokufa ilikufa kwa neno langu. Sidai kusamehewa. Nataka tu isemwe kwa sauti, mahali walipo watu."

Imesemwa. Crescencio, usiangalie viatu, viatu vyako tunavijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa anamchana nywele hata zilipobaki chache, inawashukuru majirani wa Granada waliompikia Ildefonso supu miezi mitatu, bila wao tungezika wawili, inamshukuru Nekane na wenzake wote wa maabara, walioleta shada lile kubwa, na ambao kazini kwao, naambiwa, kila bakteria mpya anayetoka mtini anagandishwa siku ile ile kwenye friza mbili zenye umeme tofauti, inamshukuru padri, inawashukuru mliochimba na mliobeba.

Tukimaliza misa, kama desturi yetu, familia itasimama mbele ya altare na kijiji kizima kitapita mmoja mmoja kuinamisha kichwa, na mwenye kusimama wa kwanza ni mwanamume mkubwa wa ukoo, naye ni Eleuterio, si Ildefonso wala binamu yeyote. Jana usiku aliniambia atakuja, lakini atakuja kusikiliza tu, na namwona pale benchi la mwisho karibu na maji ya baraka, kofia mkononi. Eleuterio, umesikia. Uje mbele au usije, hiyo ni juu yako, miguu ni yako na magoti unayajua mwenyewe, hakuna atakayekuvuta. Usipokuja, nafasi ya kwanza itabaki wazi, na watu wote hawa, kuanzia Crescencio, watainamisha vichwa mbele ya nafasi iliyo wazi, na mimi nitasimama hapa pembeni kuhakikisha hakuna anayeruka.

Fuensanta, mwanangu, umechelewa, lakini limesemwa lote na sikuruka mstari, kilichobaki ni cha sisi wenye miguu. Lala sasa, usijizoeze tena, lala.